Picha za Ubongo, Wanyama wa Maabara na Maradhi ya Parkinson: Elimu Yake na Hukumu Yake

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Muumba wa kila kilichomo ndani yetu, tunachokijua na tusichokijua. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake wote. Ama baad.

Tumeulizwa mara kadhaa, na vijana wetu wanaosoma fani za afya na pia na watu wenye wazee wanaotetemeka majumbani, mas-ala mawili yanayoshikana. La kwanza: inasemwa kwamba madaktari wanaweza kuupiga picha ubongo wa aliye hai na kuona kemikali iliyopungua ndani yake, je, jambo hili lina ukweli gani? La pili: sehemu kubwa ya elimu hiyo imepatikana kwa kuwatia maradhi panya na kima kwa makusudi; je, sharia yetu inaliridhia?

Kanuni ya wanavyuoni ni kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Kwa hivyo tutatanguliza maelezo ya kitaalamu kwa lugha nyepesi, kisha tutaingia katika hukumu, na mwisho tutataja yanayotuhusu sisi na wagonjwa wetu.

1. Maradhi yenyewe

Maradhi haya yamepewa jina la daktari wa London, James Parkinson, ambaye mwaka 1817 aliandika risala fupi akieleza hali za watu sita. Kutetemeka kwenyewe kulijulikana kabla yake kwa karne nyingi. Matabibu wa Kiislamu walikuwa na mlango maalumu juu ya ra'sha, na Ibn Sina ameuweka katika kitabu chake cha Qanun. Mpaka leo Waarabu huyaita maradhi haya kwa jina lenye maana ya kupooza kunakoambatana na kutetemeka.

Dalili zake kubwa ni nne: kutetemeka kwa mkono au mguu wakati kiungo kimetulia, kukakamaa kwa misuli, uzito wa kuanza na kuendeleza harakati, na kupoteza mizani ya mwili. Mara nyingi huanza upande mmoja. Sauti hufifia, mwandiko huwa mdogo, na uso hukosa mabadiliko mpaka watu wakadhani mzee amekasirika ilhali hakukasirika.

Chanzo cha dalili hizi kiko ndani kabisa ya ubongo. Katika shina la ubongo kuna kieneo kidogo chenye seli nyeusi kwa rangi, ambacho wataalamu hukiita substansha nigra, ya'ni kitu cheusi. Seli hizo hutengeneza kemikali inayoitwa dopamini na kuipeleka kwa nyuzi ndefu mpaka sehemu ya mbele inayoitwa striatamu, inayosaidia kupanga harakati za mwili. Seli hizo zinapokufa, dopamini hukauka katika striatamu, na harakati huharibika.

2. Sungura wa Sweden

Umuhimu wa dopamini ulijulikana kwanza kwa wanyama. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa Sweden, Arvid Carlsson, pamoja na wenzake, waliwapa sungura dawa ya reserpini, ambayo humaliza akiba ya dopamini na kemikali nyengine za ubongo. Sungura walibaki wamelala, masikio yameanguka, hawatikisiki. Walipopewa dopa, mali ghafi ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, waliinuka na kutembea.

Mwaka 1960, huko Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima bongo za watu waliofariki na maradhi ya Parkinson, wakakuta dopamini ya striatamu imepungua mno. Mwaka uliofuata Hornykiewicz na daktari Walther Birkmayer walieleza namna wagonjwa walivyopata nafuu ya muda kwa sindano ya levodopa. Mwaka 1967 George Cotzias, huko Marekani, alionesha kwamba dawa hiyo ikinywewa na kuongezwa polepole huleta nafuu kubwa. Carlsson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Kidonge cha levodopa anachokunywa mzee wetu leo kinarejea, katika silsila yake, kwa wale sungura.

3. Wanyama waliotiwa maradhi

Panya na kima hawaugui Parkinson wenyewe kama anavyougua binaadamu. Ili kuyachunguza maradhi, wataalamu hulazimika kutengeneza mfano wake ndani ya mnyama. Njia mbili ndizo zilizotumika zaidi.

Njia ya kwanza ni sumu ya 6-OHDA. Mwaka 1968 Urban Ungerstedt wa Sweden alieleza namna sumu hii inavyoua seli za dopamini ikidungwa ndani ya ubongo wa panya. Lazima idungwe ndani ya ubongo kwenyewe kwa sababu haiwezi kupenya kutoka kwenye damu. Kwa kawaida hudungwa upande mmoja tu. Panya huendelea kuishi na kula, lakini anapopewa dawa fulani huzunguka akielekea upande mmoja, na idadi ya mizunguko hutumika kukadiria uharibifu.

Njia ya pili ilijulikana kwa msiba. Mwaka 1982, huko California, vijana waliozoea dawa za kulevya walijidunga unga wa bandia uliotengenezwa kwa siri. Ulikuwa umeingia sumu inayoitwa MPTP. Kwa siku chache tu vijana hao walikakamaa kama wazee wa Parkinson wa miaka mingi, hawawezi kusema wala kusogea. Daktari William Langston na wenzake waliitambua sumu hiyo na kuitangaza mwaka 1983, na mwaka huohuo watafiti wengine wa Marekani walionesha kwamba kima wakipewa MPTP huugua vivyo hivyo. Na hapa tuwaambie vijana wetu wa Unguja na Pemba: anayejidunga unga hajui alichojidunga. Wale wa California nao hawakujua.

Namna MPTP inavyofanya kazi sasa inafahamika. Ikishaingia ubongoni, kimeng'enya kimoja huigeuza kuwa sumu nyengine kali zaidi. Sumu hiyo huingia ndani ya seli za dopamini kupitia mlango uleule ambao seli huutumia kurejesha dopamini yake, kisha huzima mitokondria, ya'ni vinu vya nishati vya seli, na seli hufa.

4. Kamera inaona nini?

Picha ya eksirei haiwezi kuona dopamini. Picha ya kawaida ya sumaku, ile MRI, huonesha umbo la ubongo, na kwa mgonjwa wa Parkinson mara nyingi umbo hilo huonekana la kawaida. Kinachohitajika ni picha ya kazi, na mashine maarufu zaidi kwa hilo inaitwa PET.

Hufanywa hivi. Wataalamu huchukua kitu ambacho seli za dopamini hukitumia na kukifunga na chembe yenye mionzi ya muda mfupi. Florini-18 hupungua nusu kila baada ya dakika 110 hivi, na kaboni-11 kila baada ya dakika 20 hivi. Kiasi kidogo sana cha dawa hiyo hudungwa kwenye mshipa. Inapofika ubongoni, chembe hutoa positroni, positroni hukutana na elektroni, vyote viwili hutoweka, na badala yao hutoka miali miwili inayokwenda pande zinazokabiliana. Duara la vipokea miali lililozunguka kichwa huipokea yote miwili kwa wakati mmoja, na kompyuta huhesabu ilikotoka. Mwaka 1983, huko Hamilton nchini Kanada, Stephen Garnett na wenzake walitangaza picha za dopamini katika ubongo wa binaadamu aliye hai kwa kutumia dopa iliyofungwa na florini-18.

Ili kufahamu kinachopimwa, tuchukue mfano wa tanuri la mkate mtaani. Unaweza kuhesabu unga unaoingia na kuokwa. Hiyo ndiyo picha ya dopa yenye florini, inayoonesha uwezo wa seli kutengeneza na kuhifadhi. Unaweza kuhesabu makabati ya kuwekea mikate. Hiyo ni picha ya vifuko vya kuhifadhia dopamini ndani ya seli. Unaweza kuhesabu wale wanaorejesha mikate isiyonunuliwa. Hiyo ni picha ya visafirishi vya dopamini, ambayo pia hupigwa kwa mashine nyengine inayoitwa SPECT, kwa dawa yenye iodini-123. Na unaweza kuhesabu wanunuzi waliosimama mlangoni wakingoja. Hiyo ni picha ya vipokezi, na dawa yake maarufu ni raklopraidi yenye kaboni-11.

Mfano huu unafafanua jambo ambalo wengi huliona la ajabu. Katika panya aliyedungwa sumu upande mmoja, picha tatu za mwanzo hufifia upande huo, lakini picha ya vipokezi huweza kung'aa zaidi. Tanuri likikosa mkate, wanaongoja mlangoni huongezeka.

Ubongo wa panya wa maabara una uzito wa takriban gramu 2, na wa binaadamu takriban gramu 1,400. Mashine iliyotengenezwa kwa mtu haiwezi kutenganisha sehemu za ubongo mdogo hivyo. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 zilitengenezwa mashine maalumu za wanyama wadogo. Mnyama hulazwa kwa dawa ya usingizi ili asitikisike, ingawa dawa hiyo nayo huweza kuathiri vipimo, na mtafiti lazima alizingatie hilo.

5. Wanyama walifundisha nini?

Faida kubwa ya mnyama katika mlango huu ni moja: picha inaweza kulinganishwa na ukweli. Mgonjwa binaadamu hupigwa picha leo na huenda akaishi miaka mingi, na hatuwezi kufungua ubongo wake kuhesabu seli. Mnyama hupigwa picha, kisha ubongo wake huchunguzwa kwa darubini. Kwa njia hiyo ilithibitika kwamba picha inayofifia inamaanisha kweli nyuzi za dopamini zimepotea.

Kwa njia hiyohiyo ilijulikana pia mpaka wa picha. Mwaka 2013 watafiti wa St. Louis, Marekani, walionesha kwa kima waliopewa MPTP kwamba vipimo vya PET vya striatamu hufuatana na idadi ya seli za substansha nigra mpaka pale ambapo takriban nusu ya seli imepotea. Baada ya hapo striatamu imeshafika chini kabisa, na picha haiwezi tena kutofautisha hasara kubwa na kubwa zaidi. Huu ni ushahidi muhimu, kwani unamzuia daktari kuidai picha isichokuwa nacho.

Jambo la pili ni kwamba uharibifu hutangulia dalili. Baadhi ya kima waliopewa kiasi kidogo cha sumu walitembea kama kawaida, au waliugua kisha wakapata nafuu, ilhali picha zao zilionesha upungufu uliobaki palepale. Kwa watu nako yalionekana mfano wa hayo: mwaka 1985 ulitangazwa uchunguzi wa watu wachache waliopatwa na MPTP lakini hawakuwa na dalili za maradhi, na picha zao zilionesha dopamini imepungua. Kwa hivyo mzee anayeanza kutetemeka mwaka huu hakuanza kuugua mwaka huu. Seli zilikuwa zikipungua kimyakimya muda mrefu kabla ya kikombe cha kwanza kumtikisika mkononi.

Jambo la tatu limeleta matibabu mengine. Mwaka 1990 Hagai Bergman, Thomas Wichmann na Mahlon DeLong walionesha kwamba kima wenye maradhi haya hupata nafuu ikizimwa sehemu moja ndogo ya ubongo iliyokuwa ikifanya kazi kupita kiasi. Elimu hiyo iliungana na kazi ya Alim-Louis Benabid wa Ufaransa, na leo wako wagonjwa wengi duniani waliowekewa waya ndani ya ubongo wenye kutoa umeme mdogo unaotuliza mwili.

6. Picha si hukumu, na panya si binaadamu

Katika sharia kadhi hahukumu kwa karina moja akaacha nyengine. Na katika mlango huu pia.

Sumu huua seli kwa siku au wiki, ilhali Parkinson huchukua miaka. Katika mgonjwa binaadamu picha hufifia zaidi sehemu ya nyuma ya striatamu, na upande mmoja kuliko mwengine. Kima aliyepewa MPTP mara nyingi hupata hasara iliyoenea kwa usawa zaidi. Tena katika ubongo wa mgonjwa hukutwa mabonge ya protini inayoitwa alfa-sinukleini, na wanyama wa sumu kwa kawaida hawana mabonge hayo kwa sura yake kamili. Ndiyo maana tangu mwaka 2012 zimetumika pia njia nyengine, mojawapo ikiwa kuwadunga panya protini hiyo iliyojikunja vibaya na kufuatilia inavyosambaa.

Mfano wa wazi wa tahadhari hii ni dawa ya GDNF, protini inayolisha seli za neva. Mwaka 2000 ilitangazwa kwamba kima waliopandikiziwa jeni yake walipata nafuu, na picha zao za PET ziling'aa. Ilikuwa habari njema. Lakini wagonjwa 34 walipojaribiwa protini yenyewe kwa kuingizwa ubongoni kwa mpira, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionesha kwamba picha zilikuwa nzuri zaidi ilhali wagonjwa wenyewe hawakupata nafuu kuliko waliopewa dawa tupu. Njia ya kuipeleka dawa haikuwa ile ya kima, na hilo lazima lisemwe. Lakini somo linabaki: picha iliyong'aa haimnyanyui mtu kitandani.

7. Hukumu ya sharia

Sasa tuje katika suala la pili. Asili ya mlango huu ni mambo mawili ambayo lazima yashikwe pamoja.

La kwanza ni kwamba Allah (S.W.) amemuumbia binaadamu vilivyomo ardhini ili anufaike navyo, na kwamba kutafuta dawa ni jambo lililoamrishwa. Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa hakuna maradhi yaliyoteremshwa ila yana dawa yake.

La pili ni kwamba mnyama si kitu kisicho na haki. Katika Suratul An'am, aya ya 38, tumeelezwa kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Katika Hadithi sahihi kuna habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya chakula, na kuna katazo la kumfanya mnyama shabaha na la kumpiga chapa usoni. Mtume (S.A.W.) ameamrisha ihsani katika kila jambo, mpaka katika kuchinja, kwa kunoa kisu na kumpumzisha mnyama. Imamu Izzuddin bin Abdissalam, mmoja wa maimamu wakubwa wa madhehebu yetu ya Kishafi, aliyefariki mwaka 660 Hijria, ameziorodhesha haki za wanyama juu ya binaadamu. Miongoni mwake ni kumlisha mnyama hata akizeeka au akiugua mpaka hana faida tena, na kutomtwisha asichokiweza.

Baadhi ya wasemaji husema: ikiwa kumchinja mnyama kwa nyama ni halali, basi kumtumia kwa dawa ni halali zaidi. Qiyasi hii ina nusu ya ukweli. Manufaa ya tiba ni makubwa kuliko ya nyama, hilo kweli. Lakini kuchinja ni kitendo cha muda mfupi kilichoamrishwa kifanywe upesi na kwa huruma, na jaribio huweza kuchukua miezi, mnyama akiwa amekakamaa hawezi kujilisha. Mwenye kutoka kwenye kuchinja akaruka moja kwa moja mpaka kwenye jaribio ameisahau tofauti hii, na tofauti hii ndiyo inayoleta masharti.

Tunaloliona, na Allah ndiye Mjuzi zaidi, ni kwamba jaribio la aina hii linafaa likikusanya masharti yafuatayo:

Kwanza, haja iwe ya kweli. Suala linalotafutwa liwe na manufaa yanayotarajiwa kwa wagonjwa, si kujaza karatasi au kurudia lililokwisha kujulikana.

Pili, pasiwe na njia nyengine. Linaloweza kujibiwa kwa seli zilizooteshwa maabara, au kwa watu waliojitolea wenyewe, halihalalishi kumuumiza mnyama.

Tatu, idadi iwe ndogo kabisa. Dharura hukadiriwa kwa kadiri yake.

Nne, maumivu yazuiwe. Dawa ya usingizi itumike pale inapohitajika, na kima aliyeshindwa kula alishwe na kupewa dawa. Kumtia maradhi kisha kumwacha na njaa ni dhulma juu ya dhulma.

Tano, akifikia mwisho auliwe kwa njia nyepesi, wala asiachwe kuteseka kwa sababu tu kazi imekwisha.

Sita, matokeo yasifichwe, hata yakiwa ya kushindwa. Mwenye kuficha kushindwa kwake husababisha mwengine auwe wanyama wengine kwa suala lilelile.

Yakikosekana masharti haya, kitendo kinarejea kwenye asili ya katazo la kumtesa kiumbe. Na ijulikane kwamba wanasayansi wenyewe wana kanuni iliyo karibu na haya tangu mwaka 1959, pale Waingereza William Russell na Rex Burch walipoandika juu ya kutafuta badala ya mnyama, kupunguza idadi na kupunguza maumivu.

Na hapa ndipo picha za ubongo zinapoingia katika hukumu yenyewe. Zamani, aliyetaka kujua hali ya ubongo wiki ya kwanza, ya nne na ya kumi na mbili alilazimika kuua kundi la wanyama kila mara. Leo mnyama yuleyule hulazwa, hupigwa picha, huamka, na hupigwa tena baadaye, akilinganishwa na nafsi yake mwenyewe. Kwa hivyo maabara yenye uwezo wa kutumia picha, ambayo inaendelea kuua makundi kwa suala ambalo picha ingelijibu, imekosa sharti la tatu. Kijana wa Kiislamu anayesoma fani hii ana wajibu wa kulisema hilo kwa adabu mbele ya walimu wake.

8. Yanayotuhusu majumbani

Kwanza, tuache kuwatuhumu watu uchawi. Mzee akitetemeka husemwa amerogwa, au ana jini, au imani yake imepungua, na mara nyengine hutafutwa jirani wa kulaumiwa. Hatukanushi sihiri wala visomo vya sunna, na kumsomea mgonjwa Qur'ani ni kheri. Lakini upungufu huu unaonekana katika picha, unapimwa, na ukifanywa kwa kima kwa sumu hutoa dalili zilezile. Kumtuhumu jirani kwa jambo ambalo sababu yake ya kimwili imeshajulikana ni dhana mbaya, na dhana mbaya ni dhambi.

Pili, mgonjwa afikishwe kwa daktari. Katika uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, walipatikana wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kutambuliwa. Waliishi na maradhi yenye dawa bila ya kujua kwamba yana jina.

Tatu, si lazima kupiga picha ya PET. Daktari mzoefu huyatambua maradhi haya kwa kumchunguza mgonjwa na kuangalia anavyoitikia levodopa. Picha ya visafirishi husaidia pale panapokuwa na shaka, khasa kutenganisha Parkinson na aina nyengine ya kutetemeka, lakini haitenganishi vyema Parkinson na baadhi ya maradhi yanayofanana nayo. Familia isiuze kiwanja ili kumsafirisha mzee kwa ajili ya picha peke yake. Fedha hiyo inunue dawa ya miaka.

Nne, dawa isikatwe ghafla. Kuacha levodopa kwa mara moja huweza kumhatarisha mgonjwa, na mwenye kumshauri kuacha ili atumie kombe tu anabeba dhamana. Vilevile mbegu za upupu, mmea tunaoujua kwa muwasho wake, kweli zina levodopa ndani yake. Lakini kiasi chake hubadilika, na mwenye kuzitumia bila ya daktari huku anakunywa vidonge anajizidishia dozi asiyoijua.

Tano, ibada yake. Wanavyuoni wa Kishafi wametaja kwamba harakati nyingi mfululizo hubatilisha sala, lakini wamemtoa mwenye kutetemeka bila ya hiari yake. Mkono wa mgonjwa wa Parkinson hausogei kwa amri yake, na picha tulizozieleza ni ushahidi juu ya ushahidi. Basi asirudie sala, wala asiondolewe safu ya mbele kwa aibu. Akishindwa kusimama atakaa, akishindwa kukaa atalala. Na akiwa daktari muaminifu amemwambia kuwa saumu itamkatia dawa zake na kumdhuru, ana rukhsa ya kula. Maradhi yasipotarajiwa kupona atatoa fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku.

Bondia Muhammad Ali, ndugu yetu katika Uislamu, alitangazwa kuwa na maradhi haya mwaka 1984. Mwaka 1996, huko Atlanta, dunia nzima ilimuona akiwasha mwenge wa Olimpiki huku mkono wake ukitetemeka. Hakuuficha. Aliishi nao mpaka alipofariki mwaka 2016, Allah amrehemu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape shifaa wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na awaongoze wenye elimu wasidhulumu kiumbe chake chochote katika kuitafuta. Wallahu a'lam.